Sifuri Niliyokupa na Sambaza Nilizokula

Masika, mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele kule Majengo, na kwa jinsi ninavyomjua yule mama anayekusuka, mdomo wake ukienda haraka kuliko vidole, nina saa tatu nzuri kabla hujarudi. Mama yako anazipiga pasi nguo zako kwa mara ya pili. Sanduku liko wazi kitandani. Mimi nimefukuzwa chumbani kwa sababu nilijaribu kukunja sketi, na inaonekana mwanaume anaweza kufika miaka hamsini na diploma yake ukutani bila kujua sketi inakunjwaje. Basi nimekaa mezani na biki na karatasi za shule, ninakuandikia.

Kesho asubuhi utapanda boti ya Bukavu, kwenda kusomea udaktari. Mambo ya sabuni, ya simu, ya kutorudi nyumbani usiku, ya misa ya Jumapili, sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema, atayasema tena leo jioni, na kesho bandarini atayapigia kelele boti ikiwa inaondoka, mpaka abiria wote wajue ni siku gani unapaswa kufua. Mama yako mdogo atakayekupokea huko naye ana orodha yake. Una walinzi wa kutosha.

Mimi nina mambo mawili tu, na yote mawili ni makosa yangu. La kwanza unalijua, na umekwisha kunisamehe kwa njia yako, yaani kwa kunicheka mbele ya wageni. La pili hulijui. Nimelibeba tangu mwaka jana, na juma lililopita, tukiwa kwenye benchi la kituo cha afya, lilinifika mdomoni. Nikalirudisha chini. Leo nataka litoke.

Tuanze na ile sifuri.

Unaikumbuka interogasio, lile jaribio la muhula wa pili. Swali la tatu: taja aina za ARN, ile ambayo Waingereza wanaiita RNA, na kazi ya kila moja. Mimi nafundisha biolojia zaidi ya miaka ishirini kwa kaye moja, daftari ambalo jalada lake limeshikwa na gundi na ukurasa wa ARN una doa la chai. Katika kaye ile, ARN ni tatu: mjumbe, anayechukua nakala ya agizo kutoka kwenye ADN, hiyo DNA yao, mchukuzi, anayeleta matofali ya protini, na ile ya tatu, ya kiwanda chenyewe ambamo protini inajengwa. Tatu, sawa na mafiga. Nimewafundisha tatu watu ambao leo ni waganga, ni mapadri, ni wauza magari. Hakuna aliyewahi kurudi kunidai ya nne.

Wewe ukaandika nne. Ukaandika, kwa ule mwandiko wako unaolala kama nyasi baada ya mvua, kwamba kuna ARN ndogo sana, micro-ARN, ambazo hazijengi protini yoyote, kazi yake ni kunyamazisha ujumbe. Nikachukua biki nyekundu. Nikaandika pembeni: «Umetoa wapi?» Nikakupa sifuri kwa swali zima, hata zile tatu ulizopata, kwa sababu ilikuwa sheria yangu kwamba anayeongeza vyake anapoteza vyote. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na sikumbuki sababu yake.

Siku ya kurudisha karatasi ukanyoosha mkono.

«Papa… pardon, Prof. Iko ingine.»

«Kaa chini, Masika.»

«Lakini iko, Prof. Watu wanaisomesha.»

«Kama iko, mbona haiko mu kaye?»

Na kutoka nyuma, sauti ambayo hadi leo hakuna aliyenitajia mwenyewe: «Prof, pengine ilizaliwa kiisha weye kuandika kaye yako!»

Darasa zima lilianguka. Walicheka mpaka msimamizi wa nidhamu akaja kuchungulia kama kuna mtu ameuawa. Mimi nikasimama pale na chaki, nimekunja uso wa mtu mwenye heshima, na moyoni najua kabisa kwamba hilo swali sikuwahi kujiuliza.

Nyumbani hukunisemesha siku mbili. Siku ya tatu nikakuta mezani karatasi ulizochapisha kwenye siber ya Birere, kule kwa intaneti ya kulipia, zimefungwa kwa pini, na juu yake umeandika kwa biki nyekundu, yangu, uliyoiiba mfukoni mwangu: «Nimetoa hapa.»

Nilizisoma ili nipate kosa. Nikuambie ukweli, mtu anayesoma ili apate kosa anasoma vizuri sana. Nilipofika ukurasa wa tatu nilikuwa nimepata makosa mengi, yote yangu. Ile sehemu kubwa ya ADN ambayo niliwaambia wanafunzi miaka yote kwamba ni takataka, haisemi neno, kumbe humo ndimo baadhi ya ARN ndogo zinamotoka. Herufi ishirini na kidogo tu kila moja. Fupi kuliko jina la baba yangu likiandikwa kamili pamoja na majina ya ubatizo.

Bado sikuelewa. Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nilikufuata jikoni, ukichagua maharagi, nikakuomba unifundishe. Ulinitazama toka juu mpaka chini. Nadhani ulikuwa unaamua bei.

«Papa, unaona rejista ya prefe?» ukasema, ukimaanisha mkuu wetu wa shule. «Ile kubwa, haitoke mu biro.»

«Naiona.»

«Ile njo ADN. Mutu akitaka kutangaza kitu mu kalasi, anakopia pale mu rejista, anatuma karatasi. Ile karatasi njo ARN mjumbe. Inafika mu kalasi, wanasoma, wanafanya kazi. Sawa?»

«Hiyo nafundisha mimi.»

«Ngoja basi, Prof. Sasa ARN ndogo ni ule msimamizi mwenye anasimama ku mulango. Karatasi inakuja, anainyanganya: hii, leo hapana. Anaipasula, ama anaikalia. Rejista haijabadilika hata mustari moja. Lakini kalasi haikusikia kitu.»

Nikauliza, «Na chakula kinaingiaje hapo?» maana karatasi zako nusu yake zilikuwa juu ya chakula.

«Chakula inasaidia kuamua wasimamizi wangapi wako ku mulango, na wa namna gani. Ukikosa protini, ukikula mafuta mabaya kila siku, ukikosa vitamini, idadi yao inabadilika. Mu ini, mu mafuta, mu damu. Zingine zinazidi, zingine zinapunguka. Njo maana watu wawili wanaweza kuwa na jeni moja, na mwili ikafanya mambo mbalimbali.»

Halafu ukaongeza, ukiinua ungo ili upepo uchukue maganda: «Lakini Papa, mingi ya ile ni panya. Walijaribisha ku panya. Ku watu bado wanatafuta. Usiende kusema mu kalasi eti Masika alisema.»

Nilikwenda kusema darasani. Sikukutaja, lakini walijua, na yule wa nyuma akapiga makofi. Sasa nafundisha aina tatu kubwa «na nyingine ambazo tulichelewa kuzifahamu», na kwenye rejista ya alama ile sifuri nimeifuta, nimekupa nne juu ya nne. Nilifanya hivyo baada ya wewe kumaliza shule, alama haikusaidii chochote tena. Ndivyo nilivyo. Kuomba msamaha kwangu kunafika kama barua ya posta.

Hilo ndilo la kwanza. Ningependa niishie hapo, maana hapo mimi ni mjinga tu, na ujinga wangu nimeuzoea.

Zile karatasi zako zilikuwa na ukurasa wa tano.

Kwenye ukurasa wa tano waliandika juu ya mama mwenye mimba. Kwamba mtoto akiwa tumboni anasoma chakula cha mama yake kama mtu anayesoma hali ya hewa kabla ya safari; kikiwa kidogo, mwili wake unajipanga kwa maisha ya kidogo; na kwamba huenda zile ARN ndogo ni sehemu ya mpango huo. Halafu sentensi moja, sitaisahau mahali ilipokaa, mwisho wa ukurasa upande wa kushoto: watoto waliozaliwa wadogo wana uwezekano mkubwa zaidi, wakifika ukubwani, kupata ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Nilifunga zile karatasi. Nilikuambia macho yamechoka, unakumbuka, na ukanitania ninunue miwani. Macho yalikuwa mazima. Nilikuwa nimeona meza yetu ya mwaka ule ulipokuwa tumboni.

Mwaka ule tulikuwa tumeoana karibuni. Tulipanga chumba kimoja na sebule, Majengo, ukuta wa mawe ya volkano ambao mvua ilipita ndani yake kama mgeni aliyezoea. Asubuhi nilikuwa naandika ubaoni, kwa chaki za rangi, makundi matatu ya chakula: vinavyojenga, vinavyotia nguvu, vinavyolinda. Nilikuwa hodari sana wa kuchora samaki. Nilikuwa nasema kwa sauti: «Na nani anahitaji vyakula vya kujenga kuliko wote?» Na darasa: «Mama mwenye mimba na mutoto!»

Halafu jioni nilirudi nyumbani, nikakaa sebuleni peke yangu, na mama yako akaniletea sahani. Bugali, sombe ya majani ya mihogo, na juu yake sambaza, dagaa wa ziwani, zile ndogo unazozila zote mpaka kichwa. Ziliwekwa kwenye sahani yangu. Baba yangu huko upande wa Butembo alikula hivyo, peke yake, kwanza, na kilichobaki kilirudi jikoni. Mimi nilidhani ndivyo nyumba inavyosimama. Nilikula. Mama yako, mimba ya miezi sita, miezi saba, alikula jikoni. Alikula nini? Sijui. Masika, mimi ni mwalimu wa biolojia na sijui. Hatua kumi zilikuwa kati ya kiti changu na jiko, sikuzipiga hata jioni moja.

Ulizaliwa kilo mbili kasoro. Muforomo, muuguzi aliyekuzalisha, alikushika kwa mkono mmoja akasema, «Huyu ni mudogo, lakini anapiga kelele kama mutu mwenye kupoteza mizigo.» Mama yako akakufunga kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka ukanenepa. Watu wakasema mtoto wa kwanza ndivyo anavyokuwa. Mimi nikakubali, kwa sababu lilikuwa jibu rahisi na halikuniuliza kitu.

Ile desturi ya sahani uliimaliza wewe mwenyewe. Ulikuwa na miaka mitatu. Ulitoka jikoni, ukaja mpaka kwenye kiti changu, ukashika ukingo wa meza, ukachukua sambaza moja kutoka sahani yangu, ukala, ukanitazama, ukachukua ya pili. Mama yako akaja mbio kukuondoa. Sijui kwa nini nilisema muache. Labda kwa sababu ulitafuna kwa dharau. Kesho yake tukala wote sebuleni, na hatujaacha. Ningekuwa na akili, siku ile ningejiuliza mtoto huyu amefuata nini. Nilidhani unacheza.

Kwa hiyo mwaka jana, niliposoma ukurasa wa tano, nilifanya hesabu yangu na jibu likawa moja: kama ugonjwa huo umo mwilini mwako unasubiri, ni mimi niliyeuweka, kwa mkono wa kulia, jioni baada ya jioni, nikilamba vidole.

Sasa utaelewa juu ya ule unga.

Ulinicheka sana, na ulikuwa na haki. Mwalimu mzima, nimenunua Birere kopo la unga wa kijani kutoka kwa kijana mwenye spika, eti unga wa mboga wenye «ARN hai ya kurekebisha jeni za familia yote». Ulilisoma lile kopo pande zote, ukanigeukia:

«Papa. Wenye kusoma bado wanabishana kama ARN ya mboga inaweza kufika hata mu damu ya mutu. Huyu wa spika amemaliza ile kesi peke yake?»

«Alisema kwa uhakika.»

«Na weye mwenye uliniuliza nimetoa wapi, ukanipaka sifuri, yeye ulimuuliza nini?»

Sikumuuliza kitu. Niliwamwagia kuku wetu ule unga, nao wakautazama kwa huruma wakaondoka. Ulidhani nimezeeka. Sikuzeeka, mama, niliogopa. Nilitaka kukulipa kwa kijiko kile nilichokula kwa sahani.

Na ndiyo sababu juma lililopita niling'ang'ania kukusindikiza kwenye kituo cha afya, ingawa ulisema mara tatu kwamba chuo kinataka cheti cha afya cha mwanafunzi, hakitaki baba yake. Walipochukua damu yako ya kupima sukari nilitoka nje nikasoma bango la choo. Katika siku hizi zetu, ambazo kila mtu Goma ana sababu zake za kuogopa, mimi nilikuwa naogopa tone moja la damu. Nilirudi kwenye benchi. Ukanitazama.

«Papa, unatoka jasho.»

«Ni joto.»

«Goma? Na hii baridi? Hata muuguzi amevaa pulova!»

Kisha yule wa labo akatoka na karatasi, akasoma jina lako vibaya kama wanavyolisoma wote, akasema sukari iko sawa, presha iko sawa, mkojo uko sawa, «mutoto iko bien kabisa, muzee, unaweza kumuachilia.» Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamshukuru kama aliyekuzalisha. Halafu nikakununulia fanta na mimi nikanywa fanta, na tukarudi kwa moto moja, pikipiki ya abiria, watu watatu pamoja na dereva, nikiimba. Uliona haya. Ulifunika uso kwa kile cheti.

Najua karatasi ile ni ya siku ile tu. Mimi ndiye ninayefundisha hivyo, na safari hii nafundisha jambo sahihi: sukari nzuri ya miaka kumi na tisa haiapi kwa ajili ya miaka hamsini. Lakini ulinieleza pia kitu kingine jikoni, ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa kwenye ile moto: kwamba wale wasimamizi wa mlangoni hawakai zamu moja milele. Wanabadilika. Wanafuata unachokula, unavyolala, unavyotembea. Kama nilikuanza vibaya, hukuishia pale. Umekula miaka kumi na sita tangu ulipoteka nyara sahani yangu. Maharagi ya Rutshuru, lengalenga, mayai ya wale kuku wenye akili, sambaza kwa ngumi. Mwili wako ulisoma hayo yote pia.

Nimesimamisha biki kidogo hapa. Nikuambie kilichotokea, maana barua hii nilikuwa nimeipangia mwisho mwingine, wa machozi, na mama yako ameuharibu.

Aliingia kutafuta pini. Akanikuta.

«Unaandika nini mpaka unapangusa macho?»

«Juu ya sambaza.»

«Sambaza gani?»

Nikamsomea. Kuanzia ukurasa wa tano mpaka kulamba vidole. Alisikiliza amesimama na pasi mkononi, kisha akaiweka chini, akakaa, akaanza kucheka. Unamjua anavyocheka, kwanza mabega, sauti inafuata baadaye.

«Papa Masika. Weye unazania ile sahani ilikuwa inatoka jikoni nzima?»

«Haikuwa nzima?»

«Nani alikuwa anapika?»

«Wewe,» nikasema.

«Ningekaanga zote, nikuletee zote, na mimi mwenye tumbo? Sisi watu wa Bukavu tuko wapole, hatuko bajinga. Nilikuwa nakula jikoni kwanza, mbele yako. Njo nakuletea zenye kubakia, nazipanga bien juu ya sombe zionekane mingi.»

Kwa hiyo, mwanangu, miaka yote ile bwana wa nyumba, aliyekula kwanza, alikuwa anakula wa pili. Nilihisi kitu kizito kinanitoka mgongoni, nikataka kumbusu, nikasema, «Basi ulikuwa unakula! Ulishiba!»

Akaacha kucheka.

«Siku zingine. Siku zingine sambaza zilikuwa saba. Utakula tano umupelekee bwana mbili? Ile siku nilikula bugali na maji ya sombe, nikalala.»

«Mbona hukuniambia?»

«Uliniuliza?»

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Halafu akaenda kwenye sanduku lake, lile la chini ya kitanda, akarudi na fishi yako, kadi ya uzazi, ya manjano, imekunjwa mara nne. Miaka kumi na tisa imekaa chini ya kitanda ninacholalia. Muforomo aliandika: malaria, mwezi wa saba wa mimba. Mama yako anasema alimweleza wazi siku ile kwamba huenda ndiyo homa iliyokufanya mdogo, maana malaria inazuia chakula kumfikia mtoto hata mama akila. Homa yenyewe naikumbuka. Nilimnunulia vidonge, nikaenda shuleni. Sikuuliza muforomo alisema nini.

Unaona jinsi baba yako alivyo. Nilijiweka mshtakiwa, nikajiweka jaji, nikajihukumu mwaka mzima, na hata mbu nilimnyang'anya sehemu yake. Yote hayo badala ya kumuuliza mwanamke anayelala kando yangu swali moja. Ni kiburi kilekile cha sahani, Masika, kimevaa nguo za toba tu.

Zile siku za sambaza saba nimebaki nazo. Mama yako hakunifutia hizo, na sitaki azifute. Zilikuwa siku ngapi hakumbuki. Ni zangu, na ninaomba msamaha kwa ajili ya siku hizo, kwako na kwake. Yeye amekwisha kujibu: ameniambia nimalizie kuandika nije nishike upande wa pili wa shuka tulikunje. Hiyo ni kazi ambayo naruhusiwa.

Huko uendako utakaa na watu wanaojua ARN kuliko sisi wote. Watakuonyesha kwenye mashine jinsi njaa inavyobadili damu, na utakuwa na maneno ambayo mimi sina. Siku moja mama mmoja atakaa mbele yako na mtoto mdogo mkononi, na baba yake atakuwa amesimama mlangoni ameshika kofia. Kabla hujamweleza yule mama habari za wasimamizi wa mlangoni, muulize alikula nini jana. Muulize nani alikula kwanza. Muulize kama alikuwa na homa. Uliza hivyo hata kama swali linaonekana dogo kwa mtu wa diploma. Na yule baba, usimkaripie sana. Mpe kiti.

Na wewe, ukiwa kwako, siku yoyote ambayo sahani inapita mbele yako ikienda kwa mtu mwingine, sema kwamba una njaa. Sema mapema, kwa sauti. Mama yako alikuwa na akili ya kuchukua, lakini nisingependa mwanangu ale kwa kujificha kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza.

Nasikia moto inazima nje ya ukuta. Ni wewe, unabishana na dereva juu ya chenji, na sauti yako imetangulia kuingia.

Barua hii nilitaka kuificha chini ya nguo, uikute ukiwa katikati ya ziwa, na mimi niko nchi kavu, salama, siwezi kuulizwa chochote. Nimebadilisha mawazo. Nitakupa mkononi sasa hivi, kabla hujanionyesha nywele. Kaa kwenye kiti changu, usome pole pole mpaka hapa. Ukimaliza, uliza chochote unachotaka, kwa sauti yoyote unayotaka. Mimi niko chumbani na mama yako, tumeshika shuka, na mlango nimeuacha wazi.

Papa